Kopo la Mahindi la Ikonge

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Itangazwe kwa wakazi wote wa mji wa Kisii na viunga vyake: leo, mbele ya mashahidi wawili na mfagiaji, karani Thadeus Machogu amekabidhiwa kiti chenye mikono. Mkono mmoja unacheza. Bathsheba, mke wangu, ameuliza kama mshahara nao umeota mikono.

Kiti kimekuja na kazi — ndivyo serikali inavyotoa zawadi. Nairobi wanataka kujua ni wanawake wangapi walioshikwa kwa nguvu mwaka huu, kila mahali kivyake. Penye hesabu kubwa patajengwa chumba na kuletwa nesi wa kuwahudumia. Wenzangu wote waliumwa tumbo ghafla. Langu ni kubwa lakini zima.

Nimeomba nipangiwe Ikonge, huko kwenye mashamba ya chai. Kuna dispensari pale. Nesi Bosibori huwapima wasichana hao nyuma ya pazia, na upande wa pili wanaume wenye malaria wako kwenye benchi, wanasikia kila neno. Anataka chumba chenye mlango. Mlango tu.

Jumatano, 6 Agosti

Baraza Ikonge. Chifu kanikaribisha vizuri, makofi yakapigwa. Nikasimama na sauti yangu ya kanisani: waliotendewa jambo hilo wainue mkono.

Mungu wangu! Mzee mmoja akachukua fimbo yake, akaenda zake. Wakwe wakatazama viatu. Wasichana wakatazama mashamba ya chai kana kwamba hawajawahi kuyaona. Nimeuliza mambo hayo mbele ya baba na binti, mkwe na mke wa mwanawe — mimi Mgusii, nisiyethubutu hata kutaja suruali mbele ya baba yangu! Chinsoni, ile aibu ya heshima kati ya mzazi na mtoto, nililelewa nayo. Nikaisahau kwa sababu ya kiti.

Hesabu: sufuri. Bwana Nyangate, mkubwa wangu, amefurahi. Wilaya safi, kasema. Bosibori abaki na pazia lake.

Jumanne, 12 Agosti

Nimerudi Ikonge kuomba radhi. Bibi mmoja, Mong'ina, kanikuta kwenye kituo cha majani chai, akacheka mpaka akashikilia kikapu. Kauliza kama binti yangu huniambia hata akiumwa kiuno. Kweli, haniambii.

"Sisi bibi ndio tunaambiwa, tata," akasema, akiniita baba kwa Kigusii. "Mjukuu hanionei haya. Hata matusi tunataniana."

Basi mabibi ndio makarani wangu sasa. Kila mmoja atauliza wajukuu wake. Kwa kila aliyeumizwa, punje moja ya mahindi ndani ya kopo la Mong'ina. Hakuna majina. Serikali haina habari kwamba imeajiri wafanyakazi wasio na meno.

Alhamisi, 21 Agosti

Mong'ina ameleta kopo. Nilidhani litalia kama kayamba, nikalitikisa. Halikulia. Limejaa.

Nikaliweka mezani kwa mikono miwili. Bibi kasema punje moja ni ya mjukuu wake, Mokeira, aliyefika dispensari, akaliona lile benchi, akageuka. Hajapimwa mpaka leo. Mong'ina amekataa kurudi Ikonge bila jibu la ofisi. Atalala kwetu.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimewasimulia Bathsheba na Mong'ina nilivyopigana leo. Kwamba Nyangate aliposema nipunguze, nilisimama wima nikamwuliza, "Nimtoe nani?" Kwamba nimeandika wote. Bathsheba kaniongezea nyama.

Sasa nimejifungia chumbani. Hapa hakuna wa kumdanganya, niandike ilivyokuwa.

Nyangate alichungulia kopo. Kasema hesabu hii itatuharibia jina, Nairobi watadhani Kisii ni pori. Sufuri nayo, amefikiria tena, watasema tumelala. "Weka wachache, Machogu. Wachache wa heshima."

Sikusimama. Nilikuwa nimeketi, na nikaendelea kuketi. Sikumwuliza chochote. Nilisema ndiyo, mzee. Kisha — hili hakuniagiza — nikaanza kutoa punje kwa mkono wangu mwenyewe, pale mezani kwake. Nilipoona anatazama saa, nikaongeza kasi. Nikazitia mfukoni mwa koti, nikaandika zilizobaki. Kwa hesabu hiyo Ikonge haipati hata bawaba. Ya Mokeira ilikuwa ipi, sijui. Zote zinafanana.

Karatasi ingali kwenye mkoba wangu. Inaondoka Jumatatu asubuhi na dereva.

Ukuta huu ni mwembamba. Namsikia Mong'ina akiuliza tena: ameandika wote? Wote, mama, Bathsheba anajibu, hata alisimama. Bibi anasema basi, akifika nyumbani atamwambia Mokeira avumilie kidogo, mlango unakuja.

Sasa ananiita nitoke, anataka kunishika mkono. Nimejibu naja. Koti sijalivua.