Shaba ya Mjomba

Al Nahda,
Dubai.
14 Oktoba 2024

Mpendwa dada Metrine,

Pokea salamu kutoka kwenye joto ambalo hata Oktoba imeshindwa kulifukuza. Mgongo wa shemeji Onesmus unaendeleaje? Na wewe, presha imeshuka, au bado unaipandisha kwa kufuatilia maneno ya watu? Mimi ni mzima, ila tumbo limenitangulia. Linafika jikoni kabla yangu.

Nakuandikia kwa mkono, na barua anakuja nayo Pauline anayesafiri Jumatano, kwa sababu siiamini ile simu yako. Nyumba nzima inajua namba ya kuifungua. Isome peke yako, kabla wazee hawajakaa Jumamosi.

Ile picha uliyonitumia niliikodolea macho mpaka wenzangu wa chumbani wakauliza kama nimeletewa mchumba. Unasema posa ya binti yako Daisy ilipofunguliwa kilikuwamo kisanduku chenye sarafu ya dhahabu, akina mama wakapiga vigelegele, kisha fundi wa vito wa Bungoma akasema ni shaba tupu. Sasa wazee wanataka kurudisha kila kitu na kumwita mchumba wake Stephen tapeli, na Daisy hali chakula.

Fundi hakukosea. Kitu hicho nakijua, maana ninavyo kumi na saba ndani ya kopo la biskuti. Kinaitwa jetoni. Wafanyabiashara wa Ulaya walikuwa wakizisogeza juu ya meza yenye mistari ili kujumlisha na kutoa, kama sisi tulivyohesabu kwa mbegu darasa la kwanza. Hiyo yenu ni ya Nuremberg, Ujerumani, yapata miaka mia nne iliyopita: upande mmoja tufe lenye msalaba, upande wa pili mataji matatu na maua matatu yakizunguka waridi. Haikuwahi kununua hata mkate. Ya kwanza niliyonunua mimi, kule Bur Dubai, nilidhani nimeokota dhahabu. Nilitembea siku nzima nimeushika mfuko. Tonny wa kitanda cha juu ananiita Mzee wa Vizibo mpaka leo.

Kwa hiyo shaba haikunishangaza. Kilichonishangaza ni ule mng'ao. Jetoni ya umri huo huwa ya kahawia kama chai ya rangi. Nikajiambia, mtu ameing'arisha hii, na mtu hang'arishi shaba bila sababu. Unajua kazi ya stoo ya hoteli imeniharibu. Hata nikikuta vijiko vimetimia, nahesabu tena.

Ijumaa nikamfuata Stephen kazini kwake Al Garhoud, hapa hapa Dubai, bila kumwambia nakuja. Akanipa chai, nikaishuku chai. Akaniita mjomba mara sita, na zote sita sikuzipenda. Nikamwuliza kwa nini ameipaka dhahabu. Akasema hakuipaka kitu, aliisugua tu kwa dawa ya kung'arishia vitasa vya milango ili ipendeze. Dada, nilitaka kulia. Shaba ya kale ikishasuguliwa hivyo imevuliwa umri wake wote.

Nikamwuliza alidhani mama mkwe atakifanyia nini kitu kile.

"Si cha mama, mjomba," akasema. "Ni chako."

Kumbe Daisy alimwambia napenda vikorokoro hivi, na kwamba kwetu cha mjomba hakipitii dirishani. Sharti kifike nyumbani kwa binti pamoja na posa, kipokelewe mbele ya watu, ndipo mjomba apewe. Basi kijana amekinunua Bur Dubai, si mbali na kitanda changu, akakipandisha ndege hadi Kimilili ili kirudi Al Nahda.

Hata hapo sikumwamini. Nilidai kuona simu yake. Akanionyesha ujumbe aliomtumia Aloysius, mshenga wake, siku moja kabla ya posa: hicho kidogo ni cha mjomba Isaiah, ni shaba ya kale, tafadhali waeleze. Nikampigia Aloysius palepale, nikimtega kama polisi. Alikohoa sana. Mwishowe akasema, "Mzee, vigelegele vilishaanza. Ningevizimaje?"

Huyo ndiye mwongo wetu, na uongo wake ni kunyamaza. Ameniahidi kwamba atasema Jumamosi. Simwamini. Aliyeshindwa na vigelegele atawawezaje wazee waliokasirika? Nakuomba wewe, dada, usimame kabla yake useme. Najua ni vigumu, maana nasikia chama kizima cha akina mama kimeshaonyeshwa dhahabu ya mkwe wako. Ukiona aibu, sema kosa ni la kaka yako anayekusanya takataka za Wazungu. Mimi nimezoea kuchekwa, tena niko mbali.

Usidhani nimelainika. Nimemhoji Stephen kuhusu kanisa, pombe, na kama ana mke mwingine Nakuru, na bado nafuatilia. Lakini tapeli hajisumbui namna ile kufuata desturi ambayo angeikwepa kwa kupanda basi moja tu hadi kwangu.

Hicho cha shaba kifunge kwenye kitambaa umpe Pauline akirudi huku. Na wazee wakikuuliza Isaiah amesemaje, waambie mjomba amepokea kilicho chake. Aliyekwisha kupokea hana mdomo wa kukataa posa. Hilo wanalijua kuliko mimi.

Nisalimie shemeji Onesmus, na jirani yako Belinda. Daisy mwambie ale. Mungu awafunike wote kwa amani yake, na Jumamosi aanze na ulimi wako.

Ndimi kaka yako akupendaye, na asiyekushuku ila kidogo,

Isaiah