Nyama Anayonisogezea Hooyo

Garissa, Jumanne, baada ya Alasiri. Jua limetuelemea tangu asubuhi na hata upepo ni wa moto. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nimepanga vikombe, nikavipangua, nikavipanga tena. Leo sikaliki. Nimekuja kuandika nikidhani vidole vikipata kazi moyo utatulia.

Haujatulia.

Yote yalianza Ijumaa, au niseme ndipo mimi nilipoona. Hooyo, mama yangu, alikuwa akitawadha uani. Bangili yake ya dhahabu, ambayo miaka yote haikutoka mpaka kwa sabuni, iliteleza yenyewe ikaanguka kwenye beseni. Yeye akacheka. Mimi nikaiokota na sikuona cha kuchekesha.

Tunakula sahani moja, mimi, yeye na binti zangu wawili. Mtu angedhani najua nani anakula na nani hali. Lakini Hooyo tangu nikiwa mdogo ana tabia ya kusogeza nyama upande wa wengine. Anaimega, anakuwekea mbele yako, halafu anasema ameshiba na kuitisha maziwa ya ngamia. Na hapa kwetu mzee anayeishi kwa maziwa ya ngamia hapewi pole, anasifiwa. Majirani wanasema huyo ndiye mtu hasa, mji haujamharibu. Nami nilikuwa najivunia. Nilimwambia muuza maziwa atuongezee.

Kumbe hakuwa ameshiba. Chakula hakipiti.

Nilipombana akakubali kusema. Wali unakwama hapa, akagusa chini ya koo. Nyama ndiyo kabisa, na siku nyingine hata maziwa yanamkohoza. Ni miezi sasa. Hakusema kwa sababu ya habaryar, mdogo wake, aliyeanza hivi hivi na kufa kwa ugonjwa wa koo ambao nyumbani mwetu hautajwi jina. Hooyo ndiye aliyemnywesha maziwa kwa kijiko mpaka mwisho. Basi naye alikuwa ameshajihukumu, peke yake, kimya kimya.

Na mimi nilikuwa nakula nyama yake.

Leo tumeenda hospitali. Nilimkasirikia daktari mapema, maana nilimweleza habari za koo naye akauliza kama shingo inageuka vizuri. Nilitaka kusema haihusu. Halafu nikakumbuka jinsi Hooyo anavyotoa salamu mwisho wa swala, anageuka na mabega yote, kulia na kushoto. Nilidhani ni uzee tu. Daktari akaagiza picha ya shingo na Hooyo akachemka.

"Daktari, mimi naumwa koo, wewe nabiga bicha ya shingo? Shingo ndio nakula?"

Daktari alicheka, lakini picha ilipotoka alimwonyesha kwa adabu. Upande wa mbele, pingili za shingo zimeota vinundu vya mfupa. Bomba la chakula linapita hapo hapo mbele, na vinundu vinalibana kwa nyuma. Hooyo akauliza kama ni madumu ya maji aliyobeba ujanani. Daktari akasema hawezi kuapa, wakati mwingine mifupa huota hivyo umri ukisonga. Nilitaka kumkumbatia yule kijana wa watu.

Ila hakumaliza. Alhamisi turudi, Hooyo anywe dawa nyeupe waangalie kwenye picha inavyoshuka, kisha koo lichunguzwe kwa kamera, "tuhakikishe hakuna kitu kingine."

Kitu kingine. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyofua mapazia.

Hooyo naye aliyasikia. Njia nzima alishikilia kwamba mfupa umeonekana, alhamdulillah, kurudi kuna haja gani? Anautaka mfupa huo, basi. Hataki mtu aende kutafuta zaidi. Nilimfokea mama yangu barabarani, watu wakisikia. Najua namna anavyoogopa kwa sababu na mimi naogopa vivyo hivyo, na bado nilimfokea.

Mchana nilipika nyama mpaka ikalainika kabisa, nikaichambua ndogo ndogo. Daktari alisema akae wima, ale kidogo kidogo, kidevu akishushe kidogo anapomeza, asiharakishe. Hooyo akachukua kipande, akakisogeza upande wangu. Nikamrudishia. Akakisogeza tena. Nikatoa mkono kwenye sahani nikamwambia mpaka akubali Alhamisi, nyama sili tena. Mwanamke mzima, nimesusa chakula mbele ya watoto! Binti zangu nao wakatoa mikono.

Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akanyoosha mkono mpaka mbele yangu, akachukua kile kipande, akatafuna kwa muda mrefu. Akashusha kidevu. Macho yakamjaa maji.

"Kimepita," akasema. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Alhamisi tutoke mapema, kabla jua halijakuwa kali."

Sasa amelala, nasikia pumzi zake kutoka hapa. Chakula changu kiko jikoni, kimefunikwa. Nimekiendea mara kadhaa nikarudi.

Mimi ndiye nisiyeweza kumeza. Ya Rabbi, iwe ni mfupa tu.