Krasha Haizimwi na Mawe Mdomoni

Owiti, omera, ndugu yangu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ungeniona nilivyokaa hapa mlangoni pa jikoni ungeniuliza kwanza kama nimekula, ningekujibu nimekula, na ungejua ni uongo. Basi tusichoshane zaidi. Sijala, nimechoka, na nina jambo ambalo kilima hiki chote hakina mtu wa kulisikia isipokuwa wewe, na wewe uko chini ya udongo upande wa ziwa.

Kwanza habari njema, maana hata kwa marehemu mtu haingii na kilio moja kwa moja. Barabara imefika. Kokoto zimetandazwa kutoka sokoni Sosiot mpaka kituo cha majani chai, pamoja na ule mteremko wa mtoni uliokuwa ukimeza magurudumu. Lori la kiwanda sasa linapanda hata mvua ikinyesha, na dereva anakuja akipiga honi kana kwamba barabara aliijenga yeye. Akina mama hawalali tena kituoni wakilinda majani yao yasioze. Lile ulilosema utalimaliza kabla ya kurudi kwenu kupumzika limemalizika, ingawa wewe ulitangulia.

Lakini ilibaki kidogo lisimalizike, na wa kulaumiwa ni sisi. Tuliharibu kwa kukuheshimu.

Unakumbuka tulivyoivuta ile krasha ya kusagia mawe kwa trekta kutoka machimbo ya lile shamba kubwa? Walikuwa wameshaitupa kama skrepu, kuku wametaga ndani yake. Wewe ulikuwa umestaafu karakana ya shamba hilo hilo, mizigo imefungwa, kila mtu anajua fundi Owiti anarudi ziwani. Ukaizunguka mashine, ukaigongagonga na kiatu, ukainama ukachungulia mdomoni. Jioni ukafungua mizigo. Watu wakasema Mjaluo ameoa bibi wa chuma, na wewe hukukataa. Ulisema huyu angalau hakuulizi umelala wapi.

Mimi nilikuwa mkulima tu, mikono yangu ilijua kuchuna majani na kukamua ng'ombe. Wewe ndiye uliyenisimamisha pale ukanionyesha taya mbili, moja imetulia na nyingine inatafuna, jiwe linaingia juu likiwa kichwa cha mtu na kutoka chini likiwa la kujaa kiganja. Ukanionyesha yale magurudumu mawili mazito ubavuni. Ulisema nguvu yote iko hapo: yakishashika mwendo, mawe si kitu, lakini hayawezi kuanza kuzunguka kama taya zimeuma mawe. Ndiyo maana sheria yako ilikuwa moja tu, na uliirudia mpaka tukaanza kukuigiza ukiwa hauko.

"Wewe usizime kama kuna chakula kwa mdomo. Hata mimi nikikufa, wacha imalize kwanza."

Tulikuwa tunacheka. Ungekufa vipi, wewe uliyekuwa unabeba betri ya injini begani huku unapiga mluzi?

Ulikufa na kikohozi. Lile vumbi jeupe, omera. Leso uliyokuwa ukiilowesha na kujifunga puani haikutosha, na sisi wengine hata leso tuliona ni mambo ya wanawake. Asubuhi ile habari ilipofika kutoka hospitali, krasha ilikuwa imeshiba mpaka juu, na jukwaani mawe yamerundikwa yakingoja. Wewe ulijua desturi yetu hapa. Kifo kikitangazwa, mtu haendelei. Jembe linaachwa palepale lilipochomwa, kikapu cha majani kinashushwa mgongoni hata kama kimebaki kiganja kijae. Mimi nilisikia jina lako, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye injini nikazima. Hakuna aliyenikataza. Tulivua kofia, tukasimama kuizunguka mashine yako, na ndani yake mawe yamebanwa nusu yametafunwa.

Tuliona tumekupa heshima kubwa. Tukapanda gari tukaja kwenu kukuzika, na tuliporudi mvua ilikuwa imeanza.

Si mvua ya kawaida. Ile ambayo redio iliita El Nino, iliyonyesha wakati wa jua mpaka watu wakasahau rangi ya vumbi. Maji yaliingia mdomoni mwa krasha, yakachanganyika na unga wa mawe, na vyote vikaganda pamoja na mawe kama sakafu ya benki. Tulipowasha injini, magurudumu hayakusogea. Mkanda wa kuyazungusha uliteleza, ukatoa moshi, ukakatika na kunikosa sikio. Nilisimama na kipande cha mkanda mkononi, ndipo nikaisikia ile sheria yako kichwani kwa mara ya kwanza tangu ufe. Nilitamani kujipiga kofi.

Mteremko wa mtoni ndio ulikuwa haujapata kokoto. Lori lilikuja likakwama, likaja tena likageukia sokoni, halafu likaacha kuja. Majani yaligeuka mekundu kwenye magunia. Nimewaona akina mama wakirudi nayo nyumbani kuyamwaga chini ya migomba, na mimi nikijificha nyuma ya ua ili wasinione. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima akaitisha mkutano. Yeye hana ubaya, alikuwa amechoka kama sisi. Alisema watu wa skrepu wamekuja kutoka mjini, na kiwanda kimetoa onyo: mteremko usipopata mawe, kituo chetu kitafungwa, kila mtu apeleke majani yake sokoni kwa mgongo.

"Hii chuma imekuwa mzigo," akasema. "Mwenye kuijua amekufa. Tuuze tu."

Nilisimama nikasema mimi naijua. Nilidanganya, unajua nilidanganya. Nilichojua ni kukosea tu. Lakini walinipa nafasi, wakasema masika ikifika kabla haijatembea, inauzwa.

Basi nikaanza kuitoa mawe mdomoni, kwa mtaimbo, patasi na nyundo, siku baada ya siku. Nilikuwa naingia kichwa chini miguu juu, turubai juu yangu na mvua juu ya turubai. Jiwe moja la ukubwa wa embe linaweza kukumaliza siku nzima. Ulisema mtu asitie mkono humo kabla ya kuondoa mkanda, na mimi, ingawa mkanda ulikuwa umeshakatika, kila asubuhi nilikuwa naangalia kwanza kama haupo. Cheka ukitaka. Mama yangu alinitumia uji wa wimbi kwa kibuyu kila siku, ameufunika na kitambaa. Wengine walipita wakaniuliza kama nimelipata tumbo lake. Hata wewe nilikutukana mara mbili tatu humo ndani. Uliniachia bibi mgumu.

Ilitembea. Mwenyekiti mwenyewe alitafuta mkanda mpaka akaupata Kericho, nikaufunga, nikawasha, na magurudumu yakazunguka, mdomo mtupu ukigonga tak tak tak. Watu wazima walishikana mikono. Mimi nilienda nyuma ya rundo la mawe nikakohoa mpaka nikakaa chini.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na nimelizunguka vya kutosha.

Mama ametuacha, Owiti.

Alikuwa mama yako pia. Mwaka ule wa fujo, Wajaluo walipokuwa wakifukuzwa huku, ulipolala nyumba yetu chini ya magunia ya mahindi, ni yeye aliyekaa mlangoni na kigoda chake vijana walipokuja kukuulizia. Mimi nilikuwa ndani, nikikuongezea magunia juu. Aliwaambia, "Huyu ni mtoto wa nyumba hii. Kama mnamtaka, anzeni na mimi." Wakaondoka wakiwa wameinamisha vichwa, kwa sababu mama zao wengi aliwazalisha yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo hukuwahi kupita kwetu bila kumletea samaki, na yeye hakuwahi kumla, alikuwa anampa paka na kukushukuru.

Aliugua ghafla, tukampeleka hospitali, dada yangu Chepkirui akakaa naye. Mimi nilibaki na krasha, kwa sababu mteremko ulikuwa umebakiza kipande cha mwisho na mawingu ya masika yalikuwa yameshakaa juu ya Kericho. Nilipanga niende Jumapili.

Chepkirui alikuja kwa miguu kutoka Sosiot. Nilimwona mbali, hana kitambaa kichwani, nikajua. Alipofika hakupiga nduru. Alisimama mbele yangu akasema, "Zima hiyo kitu. Mama ametuacha."

Na mdomo ulikuwa umejaa.

Watu wote waliacha kazi. Waliokuwa wanalisha mawe walishusha mikono, makoleo yakalala chini, wakaniangalia mimi tu. Owiti, mkono wangu ulienda kwenye injini. Nataka ujue hilo, kwa sababu hapa hakuna anayeamini. Ulienda, ukafika, nikaurudisha. Nilimwambia dada yangu ingoje imalize. Kwa kelele ile sijui kama alinisikia, au alisikia nikamwangusha zaidi. Alinipiga mgongoni kwa ngumi, akilia sasa, na mimi nimeyakazia macho yale mawe yanavyoshuka mdomoni, moja, lingine, lingine. Muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Sijawahi kusimama muda mrefu kama ule. Mdomo ulipobaki mtupu ukaanza kugonga tak tak, nikazima.

Hakuna aliyenipa pole.

Kesho yake mwenyekiti na vijana wake waliiwasha bila shida, wakasaga mchana kutwa, wakakitandaza kile kipande cha mwisho wao wenyewe, maana mimi nilikuwa kwenye mambo ya mazishi. Mvua iliangukia siku ya kumleta mama. Pikapu iliyombeba ilifika mteremko wa mtoni na mimi nikawa nyuma yake kwa miguu, nikiangalia magurudumu tu, mwanaume mzima anafuata jeneza la mama yake akiangalia magurudumu. Hayakuteleza. Alipanda mpaka langoni bila mtu kumsukuma. Waombolezaji walipanda nyuma yake kwa viatu visivyo na tope, na hakuna aliyelitaja jambo hilo, hata mchungaji aliyeitaja kila neema nyingine.

Chepkirui alisema neno moja tu na mimi, pale kaburini, na alilisema polepole ili nisilikose: "Mama hakutosha hata kusimamishiwa mashine?" Tangu hapo tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Na wengine wananisalimia kwa kidevu. Wanasema vumbi limeniingia moyoni likaganda. Majani yao wanayapeleka kituoni kwa barabara hiyo hiyo, ni haki yao, iliwatoa jasho pia. Wahenga walisema heri lawama kuliko fedheha. Wahenga hawakusema lawama unalala nayo vipi.

Sikuweza kumweleza. Nilijaribu. Nilianza kumwambia habari ya magurudumu mazito na taya zilizouma mawe, nikaona uso wake, nikaacha. Mtu aliyefiwa na mama huwezi kumwelezea magurudumu. Na mimi pia nimefiwa na mama, nadhani hapo ndipo kila mtu amesahau, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao.

Kama nilifanya vizuri sijui. Wewe ungeniambia. Au ungenimiminia chai tu, na ningejua.

Sasa nisikilize, kisha nikuache upumzike. Siku tulipokuzika kwenu niliona kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Wanaume wa kwenu walilia. Wazee wenye mvi, ndugu zako, walikuja wakikimbia kutoka langoni mpaka kaburini wakikuita kwa jina, machozi na kamasi, wakajitupa chini, na watu waliwapisha tu wakaendelea kupanga viti. Hapa kwetu mwanaume akitoa chozi mbele za watu, anazungumziwa mpaka wajukuu zake. Mimi siku ile nilisimama pembeni nimekaza taya. Nilikaza tena kwa mama. Watu wakaona nimekauka.

Mwezi wa nane, mvua ikipungua, nitamwachia mwenyekiti krasha ikiwa imemaliza chakula chake, nitapanda gari mpaka kwenu. Nimeshamtumia mke wako salamu. Nitaanzia langoni, omera, na nitakimbia kama ndugu zako walivyokimbia, nijitupe hapo penye udongo wako, na nitamlia mama yangu kwa sauti yangu yote. Uniazime kaburi lako kwa hilo. Nikimaliza nitakulia na wewe.

Lala salama, mwana wa mama yangu.

Ni mimi,
Arap Koech