Chaki kwenye Mashine ya Baba

Karakana, nyuma ya nyumba,
Jumatano, tarehe 4 Juni.

Mpendwa Kaka Mrefu,

Shikamoo Kaka. Hujambo wewe, hajambo wifi yangu, na wale watoto wangu wawili wanaendeleaje na shule? Kile kikohozi cha wifi kimekwisha? Na goti lako je? Uliniambia linalalamika ukipanda ngazi. Mtu mwenye urefu wako goti lake linabeba mzigo wa watu wawili, litunze.

Sisi huku wazima. Mama ana nguvu zake na sauti yake ni ile ile, akimwita mtu jikoni majirani watatu wanaitika. Shemeji yako anakusalimu sana kutoka kwenye cherehani yake. Nisamehe kwa alama ya kidole hapo juu ya karatasi. Nimenawa mara mbili lakini grisi ni grisi.

Kaka, sasa nianze na lililonikaa rohoni. Ile barua yako ya mwezi wa pili, uliyomshauri Baba auze mashine ya kukereza vyuma, ilinikasirisha. Sikufichi. Nilikaa siku tatu sitaki hata kulisikia jina lako. Najua uliandika kwa mapenzi. Mikono ya Baba inatetemeka tangu alipoanguka kwenye ngazi, mashine imejaza karakana nzima, na mgongo wake unahitaji daktari. Yote kweli. Lakini uliandika pia kwamba hakuna anayeitumia. Hakuna! Na hizi bushi za magari ninazowakerezea watu wa mtaa mzima miaka miwili sasa, zinakerezwa na jini?

Baba akaukubali ushauri wako upesi kuliko nilivyotegemea. Alimwita bwana mmoja wa vyuma chakavu. Yule bwana akaja, akaigongagonga mashine kwa vidole kama anachagua tikiti sokoni, kisha akatoa chaki akachora juu yake mistari miwili mikubwa inayokatana. Ndiyo desturi yake, alichokipiga chaki kimeshapata mwenyewe, mwingine hakigusi. Wakapatana aje kuichukua Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wa sita. Nilipoiona ile chaki nilihisi nimechorwa mimi kwenye paji la uso.

Nikamfuata Baba kwenye kiti chake cha dirishani. Nilimwambia mashine ya Baba haiwezi kufa wakati mimi niko hai. Akanipa sharti. Gari letu likimfikisha kwa daktari wa mgongo na kumrudisha bila yeye kulia njiani, mashine itabaki na tutazungumza. Likishindwa, chuma kiende. Aliyasema hayo akiangalia nje, wala hakunitazama.

Gari letu unalijua. Lile lile, limechoka nyuma hadi linatembea kama linataka kukaa. Na ile barabara ya kwa daktari sasa ni mashimo yaliyounganishwa na vipande vya lami. Mara mbili tulimpeleka Baba, mara mbili akatuomba tugeuze katikati ya njia, jasho linamtoka, meno ameyauma. Fundi Miwani wa pale njia panda akatufungia springi nene ili gari lisiburuze tumbo. Lahaula! Gari likawa mkokoteni. Baba alipanda siku moja tu, akashuka kabla hatujatoka getini.

Ngoja nikueleze nilichofanya, maana wewe uliikimbia karakana mapema na hujui raha uliyoiacha. Springi ya nyuma inakaa juu ya kiti cha chuma, na kiti chenyewe kimechomelewa kwenye bomba la shokomzoba, hakipandi wala hakishuki. Mimi nilikikata. Nikachukua bomba nene, nikalikereza ndani mpaka likaivaa shokomzoba bila kucheza, kisha nje nikalichonga hesi, ile mifereji ya kuzunguka kama ya skrubu, kutoka juu hadi chini. Halafu nikatengeneza pete nzito yenye hesi ya ndani, ikawa inapanda na kushuka kwenye lile bomba kama nati kwenye bolti. Springi inakaa juu ya pete. Ukitaka gari liinuke unapandisha pete, ukitaka lishuke unaishusha, kisha unaifunga kwa pete ya pili chini yake ili isilegee. Basi nikaweza kutumia springi ndefu na laini nilizozitoa kwenye gari bovu, na bado tumbo haligusi chini.

Nilipomaliza ya kwanza niliizungusha pete kwa vidole viwili tu. Ilipanda hadi juu bila kukwama hata mara moja. Kaka, niliishusha nikaipandisha tena mara sita, peke yangu, nikicheka kama mwendawazimu.

Shemeji yako naye hakukubali kuachwa nyuma. Alishona vifuniko vya hesi kutoka kwenye koti bovu la mvua, vumbi lisiingie. Gari sasa limevaa soksi. Na kila mteja anayekuja kupimwa suruali anaambiwa kwamba sisi wawili ndio mainjinia.

Sasa cheka kidogo, maana nilifanya ujinga. Gari likiinuliwa, magurudumu ya nyuma yanalala upande na kula matairi, kwa hiyo nilihitaji mikono ya kuyashika ambayo naweza kuirefusha na kuifupisha. Nikatengeneza fito zenye hesi ncha zote mbili. Wazo ni kwamba ukiuzungusha ufito katikati, ncha zote zinatoka au zote zinaingia. Nikafunga, nikashika spana, nikazungusha. Nikazungusha. Nikapumzika, nikanywa maji, nikazungusha tena mpaka bega likawaka moto. Ufito unasogea kweli, lakini urefu uko pale pale! Ncha moja inaingia, nyingine inatoka. Nilikuwa nimechonga hesi ya kulia pande zote mbili, badala ya kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili.

Na Baba alikuwa ameniona tangu nachonga ile ncha ya pili. Alikaa kimya pale dirishani na kikombe chake cha chai, akinisubiri nijitumbukize. Nilipotupa spana chini akaanza kucheka. Kaka, Baba alicheka hadi akaushika mgongo, anaumia na bado anacheka. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana sikumbuki mara ya mwisho kukisikia kicheko kile. Mama naye akapaza sauti kutoka jikoni kwamba asijifanye mjuzi, alipomuoa alilifanya kosa hilo hilo na alizungusha siku moja na nusu. Baba akajifanya kiziwi ghafla.

Lakini jioni ile ile aliomba fimbo yake akaja karakana. Ilikuwa miezi minane hajatia mguu humo. Alikaa kwenye kigoda, akanionyesha kwa ncha ya fimbo wenzo wa kugeuza mwendo, ule ulioganda kwa kutu. Niliupaka mafuta, nikaugonga kwa nyundo ya mbao, ukakubali. Hesi ya kushoto ni ya kinyume, kisu kinaanzia ndani karibu na taya za mashine na kutembea kwenda nje. Baba alikuwa anasikiliza sauti ya chuma. Nilipozima mashine alipitisha ukucha kwenye hesi yote, akaguna, akainuka akaenda zake kulala. Kwa Baba, guno ni cheti.

Ili niziweke pete sawa nilihitaji uzito wa kila abiria. Mama alikataa katakata kuutaja wake. Akanitajia uzito wa siku ya harusi yake, nami nikauandika kwa adabu. Alipopanda gari likainama upande wake kama linamsujudia, nikalazimika kuchukua spana na kupandisha pete mizunguko minne. Hajaniongelesha vizuri tangu siku hiyo.

Usidhani nilimpakia mgonjwa kwenye kitu nisichokijaribu. Wiki mbili nzima niliendesha peke yangu na magunia ya mchanga kiti cha nyuma, nikilitafuta kila shimo. Kisha nikalipeleka kwa mkaguzi wa magari. Alilala chini na tochi yake nusu saa, akagonga kila mahali nilipochomelea, akatoka na vumbi kichwani, akaniuliza yuko wapi fundi aliyeifanya kazi hii aje wazungumze. Nikamwambia anazungumza naye. Alinitazama, akairudia mihuri yake, akagonga. Usione vyaelea, Kaka, vimeundwa, na vimeundwa na mimi!

Basi Alhamisi iliyopita tukaondoka. Baba nyuma na mto wake, Mama pembeni yake, shemeji yako mbele ameyashika magoti yake mwenyewe. Pale njia panda Fundi Miwani alikuwa amesimama nje ya banda lake, mikono kifuani, anasubiri kuona. Tukaingia kwenye lile shimo lake kubwa. Gari likashuka taratibu, likainuka taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kochi. Fundi Miwani alivua miwani akaifuta.

Tukafika kwenye kile kipande cha mawe tupu, pale ambapo Baba hugeuzia safari. Nilipunguza mwendo, masikio yote nyuma, nasubiri mlio wake. Kimya. Jiwe, shimo, jiwe tena. Kimya. Mara Mama akapiga ukelele nisimamishe gari, Baba yenu hasemi! Mguu ulikanyaga breki kabla akili haijafika. Nikageuka. Baba amelaza kichwa kwenye mto, mdomo wazi, anakoroma.

Mama alimpiga begani huku analia na kucheka na kumgombeza, vyote kwa pamoja. Baba akafumbua macho, akauliza kwa nini tumesimama, au gari limeharibika. Kaka, nilirudi kwenye usukani sioni barabara kwa machozi. Shemeji yako alinipa utepe wake wa kupimia nguo na mimi nikajifutia nao.

Daktari amemwona, amempa mazoezi, na anamtaka kila baada ya wiki mbili. Tutakwenda. Njia nzima ya kurudi Baba hakulala. Alikuwa anachungulia dirishani na kusoma kila kibao cha duka kwa sauti, kama mtoto aliyejifunza kusoma jana. Nilienda polepole makusudi ili avisome vyote.

Nimejivunia, Kaka, na sioni haya kusema. Nimejivunia mpaka nimekuwa kero hapa nyumbani.

Ila tangu siku hiyo Baba hajatamka neno kuhusu mashine. Siku sita leo! Anakunywa chai yake, anafanya mazoezi yake, ananiuliza habari za mvua. Na chaki bado ipo. Jana nilishika kitambaa niifute, nikakirudisha. Mashine ya Baba, chaki aliruhusu Baba, si yangu kuifuta.

Ndiyo maana nakuandikia. Simu unajua Baba anavyosema, neno la simu ni upepo. Wewe ni kifungua mimba wake, shauri lako ndilo lililomwita yule bwana, basi shauri lako linaweza kumzuia. Mwandikie upesi, barua ifike kabla ya Jumamosi ya mwisho. Mwambie mashine ya Baba ina mtu. Akikataa, nitalia, nitafuta machozi, nitachukua tupa yangu na msumeno nianze upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini sitaki koleo hili livunjike, Kaka. Nakuomba.

Unajua Baba husoma kila barua kabla haijafungwa, kama anavyokagua kazi kabla haijatoka karakana. Hii hataiona. Nitaificha mpaka nipate bahasha.

Nisalimie wifi, mwambie ile kanga aliyoniletea bado haijaguswa na grisi, naivaa Jumapili tu. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anaweza kuinua gari kwa pete. Mama anasema ule vizuri na uache kuandika mashauri ukiwa na njaa. Mwenyezi Mungu akulinde kazini na njiani, akuponye goti, na akurudishe nyumbani siku moja nikuendeshe mimi juu ya mashimo yote hayo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata siku ninazokukasirikia,

Cheche,
fundi wa kwenye mashine ya Baba.


Mwanangu,

Dada yako ameificha barua hii chini ya sanduku la spana, kana kwamba mimi sijui spana zangu zinakaa wapi. Nimeikagua. Mwandiko unatetemeka, nivumilie, mkono wenyewe ndio huu.

Nimeona makosa mawili. La kwanza, mimi sikukoroma. La pili, ameandika mara nyingi mno mashine ya Baba.

Usiniandikie shauri lolote. Yule bwana nimeshampelekea habari asije, na chaki nimeifuta sasa hivi kwa mkono wangu. Mashine ni yake. Yeye ameenda kununua bahasha, akirudi ataikuta safi.

Baba yenu.