Uso Chini ya Msiro

Jumatatu, 3 Juni
Kukaanga samaki tangu asubuhi. Moshi, mafuta, jasho. Nimejifuta uso kwa kapulana, leso ile ile ninayofutia karai. Chunusi tatu mpya kidevuni, moja ina usaha. Nimepaka msiro wa kijiti kilichosagwa kwa maji, mzito, mweupe, mpaka zikapotea. Wapita njia wananiita biarusi. Arusi yangu ni baada ya Idi. Laiti wangejua kilichoko chini.

Jumatano, 5 Juni
Sinawi tena kabla ya kulala. Napaka msiro mpya juu ya wa jana. Ndani nachanganya krimu ya kung'arisha niliyonunua mpakani Namoto, kwa wachuuzi wa ng'ambo. Mwanzo iling'arisha kweli. Sasa mashavu yanawaka moto. Naona haya hata kujitazama kwenye simu.

Ijumaa, 7 Juni
Mama mkwe mtarajiwa kaja na dada zake. Wakataka ninawe, wamwone mwali wao. Nikanawa. Mmoja wao akasema, "Hebu apake tena." Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Walipoondoka nikatafuta wa kumtwika lawama. Wifi Muaja, mke wa kaka, ndiye anayenisagia msiro kwenye jiwe lake. Nikasema mbele ya mama na majirani kwamba ana kijicho, ametia dawa ya kichawi kwenye msiro. Alikuwa ameshika kijiti cha msiro, mikono myeupe hadi viwikoni. Alasiri alifunga nguo zake, akabeba na jiwe, akaenda kwao Mute.

Jumatatu, 10 Juni
Mama kanikokota hospitali. Enfermera, yule muuguzi, akataka kuona kila ninachopaka. Krimu nikaificha. Mama akaitoa kwenye mkoba wangu.

Akanieleza. Kumbe ni mimi. Chunusi zilikuwepo, za ujana tu. Krimu ndiyo iliyochoma ngozi. Mafuta ya karai, jasho, kapulana chafu na kulala na uso uliozibwa vimezidisha. Msiro kwa mtu anayenawa haungenidhuru hivi. Wifi hakutia kitu.

Mama alitembea mbele yangu njia nzima.

Jumanne, 11 Juni
Kaka hataki kula nyumbani tangu mkewe aondoke. Nimemwita mtu mchawi kwa sababu sikunawa uso. Aibu yangu hii, haina msiro wa kuificha.

Jumatano, 12 Juni
Nimekwenda Mute uso mtupu, chunusi zote nje. Chapa, gari la abiria, ilijaa watu, nao walitazama. Niliwaacha watazame.

Nilimsema mbele ya majirani, kwa hiyo nikaomba radhi mbele ya majirani zao. Sauti ilinitoka vibaya. Wifi hakusema amenisamehe. Alinishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga, akaninawisha vumbi la njiani kwa maji matupu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, nikalia.

"Arusini nitakuja," akasema. "Jiwe silileti."

Nikasema asante. Nimerudi nyumbani, nimefua kapulana, nimeianika.