Kitabu Kinapofunguka Chenyewe

Karakana ya Kujalidi Vitabu,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Sijui barua hii itakukuta ghorofa ya ngapi. Popote ulipo, iwe ni juu kabisa kwenye chumba cha mitambo ya lifti au chini shimoni unapaka grisi, natumaini mikono yako yote miwili ni mizima na umetia kitu cha maana tumboni tangu asubuhi. Mgongo unaendeleaje? Mama alisema ulikuwa unakusumbua kwa ajili ya kuinama. Na yule bosi wako anayekuita "kabinti" mbele ya mafundi wenzako, amekoma au bado?

Sisi hapa tunapumua. Mama ni mzima, ila miguu inamvimba akisimama sana. Mdogo wetu Jenerali amerefuka mpaka suruali zake zote zimekuwa kaptura, na bado anatoa amri kwa kila mtu nyumbani isipokuwa kwa daftari lake la hesabu. Habari za baba nitakueleza mbele. Najua unavyosoma, unaruka kurasa. Tafadhali, hii usiiruke.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi si mtu. Ukipiga, naishia "eeh" na "salama", halafu nampa mama. Nikishika kalamu angalau maneno yananijia, ingawa hata hapa nimeanza upya mara kadhaa.

Shule imekwisha, Dada. Mtihani nimefanya, matokeo bado. Mama ameikata sare yangu vitambaa vya kufutia gundi. Nilidhani nitafurahi, lakini siku ya kwanza nilipofuta meza kwa kipande chenye mfuko na nembo ya shule, niliona uchungu kidogo. Kila asubuhi nafungua karakana pamoja na baba. Wateja wakiingia mimi najificha nyuma ya kile kibano cha chuma cha kubania vitabu. Mmoja alimuuliza baba kama mimi ni bubu. Baba akamjibu, "Bubu wapi. Huyo ni mchwa. Mimi ndiye fundi wa vitabu pekee anayefuga mchwa." Kwa hiyo jina ulilonipa utotoni sasa limekuwa la biashara.

Uliuliza kupitia kwa mama nasoma nini siku hizi. Nasoma kazi. Shule zinatuletea makasha ya riwaya za vijana zilizochanika, nyingine zimefungwa kwa kamba ya viatu zisimwagike njiani. Baba ananiruhusu kusoma wakati gundi inakauka, si zaidi. Riwaya nyingi nimezisoma hivyo, vipande vipande, na mara nyingine nimefika mwisho kabla ya kupata mwanzo.

Nimegundua jambo ambalo darasani hatukuambiwa. Kitabu hakivunjiki mgongo ovyo. Kinavunjika pale wasomaji walipokaa sana. Ukikisimamisha mezani na kukiachia, kinafunguka chenyewe mahali hapo, na hapo ndipo utakapoona alama za vidole, mafuta ya mkate, mstari uliopigwa kwa kalamu na mtu aliyeogopa kuukoleza. Mwalimu alituuliza dhamira za riwaya, tukazipanga vizuri kwenye karatasi ya majibu. Lakini migongo ya vitabu inatoa majibu mengine. Sisi vijana tunakaa pale msichana anapoondoka, anapomjibu mkubwa, na anaposhikwa mkono. Kurasa zinazobaki, nyingi ni safi kama zimetoka dukani.

Nimesoma nyingi sasa, na kuna mambo siyaamini tena. Msichana wa riwaya hupata jibu palepale, kali, na kila mtu anakaa kimya. Mimi jibu langu huja siku ya pili nikiwa naosha vyombo. Halafu baba. Kwenye riwaya zetu baba huwa ni mkatili au ni marehemu, basi. Sijakutana na baba anayekuwa mkali asubuhi kisha mchana anakumenyea chungwa bila kusema neno. Baba wa namna hiyo nadhani ni mgumu kuandikwa. Hata kuishi naye ni kugumu, wewe unajua.

Unaikumbuka riwaya uliyoiacha chini ya godoro? Ile ya binti wa fundi saa, anayetoroka nyumbani kwenda kujifunza kuendesha mitambo mikubwa. Nilipoikuta, mwaka juzi, mwezi ulioondoka, ilikuwa imepasuka vipande viwili pale anapobeba begi na kuvuka mlango huku baba yake akimwambia asirudi. Nilielewa uliisoma sehemu hiyo mara ngapi kabla ya kuifanya. Niliijalidi upya kwa kitambaa cha bluu, mgongo mpya, mgumu, usiokumbuka kitu. Nikaiweka kwenye rafu ya gundi, na sikuigusa tena. Ilikuwa inaniuma kuiona.

Sasa nakuja kwa baba.

Miezi michache iliyopita mwalimu wa maktaba alirudi na riwaya moja mkononi akicheka. "Fundi, hiki umekitembeza kichwa chini miguu juu." Baba alikuwa amekibandika jalada juu chini. Alicheka pamoja naye, akasema siku hizi hata vitabu vinalewa. Mwalimu alipoondoka, baba alikaa na kile kitabu magotini, akawa anakigeuza na kukigeuza mpaka tulipofunga. Baba, Dada, ambaye alikuwa akituambia kuwa anaweza kujalidi akiwa usingizini.

Mama ndiye aliyempeleka kwa daktari wa macho, karibu kwa kumvuta shati. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebakiza dirisha dogo katikati, anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Sindano anatia uzi kwa kupapasa na kushona bado anashona vizuri, lakini mtu akisimama pembeni yake hamwoni mpaka aseme. Watampasua Alhamisi, tarehe 27 mwezi huu. Daktari hakutuficha: upasuaji haurudishi kilichopotea, unajaribu tu kulinda kilichobaki, na mara nyingine haufaulu.

Baba alimkataza mama kukuambia. Mimi hakunikataza. Nadhani hakutegemea kuwa naweza kusema.

Baada ya kutoka hospitali siku ile nilikuwa napanga rafu ya gundi, na kitabu chako cha bluu kikanidondoka. Kilianguka mezani kikafunguka chenyewe. Si pale penye begi. Kilifunguka mbele zaidi, kwenye ukurasa ambao katika nakala za shule zilizopita mikononi mwangu ni mweupe kabisa, kwa sababu sote tunauruka tuwahi kujua binti kafika wapi. Ni ukurasa ambao fundi saa yuko peke yake. Kila alasiri anatoa viatu vya shule vya bintiye, anavifuta vumbi, anaviweka barazani. Jua likizama anavirudisha ndani. Hakuna kingine kinachotokea.

Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na alama za gundi, nyingi, moja juu ya nyingine. Za kidole gumba chenye kovu la kisu katikati.

Mama hajawahi kusoma riwaya, na Jenerali anasoma maelezo ya mipira tu. Ni baba, Dada. Baba aliyeziita "hadithi za kupotezea watoto muda". Sijui ameanza lini, labda nikiwa bado shuleni. Ninachojua ni kwamba mgongo mpya haulegei kwa kufunguliwa mara moja mbili. Macho yanamwisha, na hayo yaliyobaki alikuwa akiyatumia hapo.

Tangu siku hiyo naona mengine ambayo nilikuwa nayaona bila kuyaona. Kigoda chako, kwa mfano. Juzi alikuja mteja mmoja mnene, amechoka, akataka kukikalia. Baba akamzuia haraka, "Hicho mguu mbovu, mzee, kitakuangusha," akampa kiti chake mwenyewe, yeye akasimama mpaka mteja alipoondoka. Nikakumbuka kuwa kila anayetaka kukikalia huambiwa hivyohivyo.

Jumapili iliyopita, mchana, tulikuwa wawili tu karakanani. Alikuwa anapaka nta uzi wa kushonea. Akaniita.

"Mchwa. Lete kile kitabu."

"Kipi, baba?"

"Cha rafu ya gundi. Usijifanye hukijui."

Nikakichukua, kikafunguka kwenye viatu, nami nikaanza kusoma hapo.

"Hapo napajua," akasema. "Endelea mbele. Maandishi madogo haya, mimi sikuweza kupita hapo."

Nikasoma mbele. Sauti yangu unaijua, lakini karakana ilikuwa kimya na baba alikuwa ameinamisha kichwa kama anavyosikiliza karatasi ikikatika. Baadaye kidogo akaniuliza, "Huyo mzee hana anwani ya mwanawe?"

"Anayo, baba."

"Sasa viatu vitamwandikia barua?"

Nikageuza ukurasa. Akasema, "Una nini, mbona umenyamaza?"

"Nasoma, baba."

"Haya, soma."

Nikasoma mpaka zikabaki sura mbili. Akanyoosha mkono, akasema, "Weka hapo."

"Zimebaki mbili tu, baba. Nazimaliza sasa hivi."

"Nimesikia ni mbili. Hizo aje anisomee mwenye kitabu."

Akachukua ule uzi aliokuwa akiupaka nta, akaulaza katikati ya kurasa, akafunga kitabu, akakirudisha rafuni kwa kupapasa. Kisha akaniuliza kama mama ameshaweka chai.

Dada, mimi nayajua maneno aliyokwambia mlangoni. Nilikuwa nimesimama palepale na brashi ya gundi ikinidondokea mguuni. Alikwambia ukivuka usimhesabu kuwa baba yako, nawe ulivuka. Sisemi ulikosea. Ulitaka mitambo, sasa unayo, na mama anapowasimulia majirani kuwa mwanawe anatengeneza lifti, baba huwa anaacha kupiga nyundo asikie vizuri. Kwenye riwaya mtu hurudi mbio, wakaombana msamaha katika aya moja, wakalia, kitabu kikaisha. Sidhani kama nyinyi wawili mtaweza hivyo. Nyote mna shingo ngumu. Wala sikuombi ulie wala uombe radhi.

Nakuomba uje usome sura mbili. Hata kama baada ya hapo mtagombana tena, mtakuwa mmegombana mkiwa chumba kimoja. Ukija kabla ya tarehe 27, simama mbele yake, si pembeni, hapo bado anaona. Ukishindwa kupata ruhusa kabla ya hapo, njoo baada. Atakuwa amefungwa jicho na haruhusiwi kuinama wala kushika kazi, na unajua atakavyotuchosha asipokuwa na la kufanya. Kusoma kutakuwa kazi halali kabisa.

Ni kweli ningeweza kumsomea mimi. Mwisho wa kitabu naujua, na ni mzuri. Lakini hizo sura si zangu.

Mchana huu nilipokuwa natafuta karatasi ya kukuandikia, nilichukua ile nyepesi ya mabaki. Baba alisikia inavyochakarisha mkononi mwangu. Akasema bila kugeuka, "Hiyo itachanika njiani. Chukua ile nene, ya majalada." Hakuniuliza namwandikia nani. Ndiyo maana barua hii ni nzito na imekataa kukunjika vizuri. Nisamehe kwa pembe zake.

Mama anakusalimu na anasema vaa kitu mgongoni usiku. Jenerali anakusalimu, na ameamuru umletee bisibisi, hata kuukuu. Mwalimu wa maktaba kila akija anauliza yule dada yangu mwenye kelele yuko wapi. Baba hajatuma salamu. Ametoa karatasi. Mungu akushike kwenye kila kamba unayoning'inia, na akufungulie kila mlango uliokwama, hata ule usiokuwa wa lifti.

Kigoda chako kipo palepale pembeni ya dirisha. Leo asubuhi nilikipindua nikakikagua. Hakina mguu mbovu hata mmoja.

Wako akupendaye kuliko anavyoweza kusema kwenye simu,

Mdogo wako,
Mchwa