Supu ya Mkwe Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni siku ya Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini alasiri

Shahidi: anafahamika kwa jina la Mama Vifungo
Umri: miaka hamsini na sita, kwa kukadiria
Kazi: fundi wa nguo sokoni, anapachika vifungo na kubadilisha zipu
Elimu: darasa la nne
Makazi: chumba na sebule nyuma ya kiwanda cha mbao, mwendo wa nusu siku kwa basi kutoka mji huu
Uhusiano na mgonjwa: mama mzazi wa mchumba wake

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimekuja kusema kwamba mpishi mliyemweka ndani hana kosa. Afande ameniambia nisikimbilie mwisho, nianze mwanzo. Nitajitahidi, ingawa akili yangu yote iko hospitali.

Mnamo Alhamisi ya wiki hii tulifika mji huu watu watatu: mimi, mwanangu ambaye ni fundi umeme, na mchumba wake anayefundisha watoto wa chekechea. Harusi yao ni mwezi ujao. Safari hii ilikuwa zawadi yao kwangu. Mwanangu alisema, "Mama, tangu nipate akili sijakuona umekaa mezani ukaletewa chakula. Unapakulia watu wote, halafu wewe unakula ukoko umesimama." Ni kweli, sikubishana naye.

Binti ndiye aliyechagua mikahawa. Aliitafuta kwenye simu mwezi mzima, anapiga, anauliza, anafuta, anaanza upya. Mimi niliona ni mbwembwe. Alhamisi jioni tuliingia mkahawa wa ghorofani wenye vitambaa vyeupe mezani. Binti akaenda hadi mlango wa jiko, akaongea na mtu kwa sauti ya chini, akarudi. "Hapa hapana, Mama. Tuondoke." Nilikuwa nimeshatandika kitambaa chao mapajani, ikabidi nikirudishe mezani huku wahudumu wananitazama. Jana mchana ikawa vilevile mahali pengine, tukaishia kula mkate na ndizi kwenye benchi la kituo cha basi. Nikamwambia mwanangu pembeni, "Mwenzio anachagua pa kula kama watu wanavyochagua kiwanja. Sasa huyo atakula kwangu lini?" Akacheka kidogo, akabadilisha mazungumzo.

Niseme ukweli, jambo hilo lilikuwa linaniuma. Mara zote alizokuja kwangu alikunywa chai tu, akasema ameshiba. Nilidhani jiko langu linamkinaisha.

Leo Jumamosi, yapata saa saba mchana, tuliingia mkahawa wa tatu. Ni mdogo, una meza sita, uko jirani na duka la vioo. Binti akaenda tena jikoni. Kutoka mezani nilimwona mpishi, mtu mnene mwenye mvi za kidevuni, anamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akafuta mkono kwenye aproni, akauweka kifuani, akainamisha kichwa kama mtu anayeapa. Maneno sikuyasikia. Binti alirudi uso umekunjuka. "Hapa, Mama! Hapa tutakula mpaka watufukuze."

Kukaa kulinishinda. Nilipanga vijiko, nikapangusa meza kwa leso yangu. Mhudumu, kijana mcheshi, akaniambia, "Mama, ukiendelea hivyo mwenye duka atakuajiri wewe, mimi nirudi nyumbani." Tukacheka wote. Binti akanishika viganja vyote viwili, akaviweka mezani, akasema, "Leo mikono yako iko likizo, Mama. Ikae hapo."

Supu ikaletwa, ya mboga, bakuli tatu. Simu ya mwanangu ikalia, akatoka nje kuipokea. Binti akaenda kunawa. Nikabaki peke yangu.

Nieleze kuhusu kopo. Mkobani natembea na kopo dogo la karanga ninazozikaanga na kuzisaga mwenyewe. Natia kwenye uji, natia kwenye mboga, mwanangu amekulia humo. Nikisafiri siliachi. Nilionja supu yangu nikaona ni maji yenye rangi. Nikalitazama bakuli la binti. Nilimpima gauni la harusi kwa mikono hii, najua alivyo mwembamba, nimelipunguza kiuno mara mbili. Nikafungua kopo, nikamtilia vijiko viwili, nikakoroga, nikarudisha kijiko kama alivyokiacha.

Nimeulizwa kwa nini nilifanya kwa siri. Sikuficha ubaya. Nilijua wangesema, mikono likizo.

Nimeulizwa kama mpishi aliniona. Hakuniona. Mhudumu hakuniona. Hakuna aliyeniona.

Binti alirudi, akaanza kula. Alikula vijiko vitatu hivi. Akasema, "Mama, hii supu ina..." Hakumaliza. Akaweka kijiko chini, akaanza kujikuna shingo. Midomo ilimvimba mbele ya macho yangu kama unga uliotiwa hamira. Akawa anavuta pumzi na pumzi haiingii. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya bawaba kavu ya mlango. Mimi nikabaki nimeshika kijiko changu, naangalia tu, kama ni jambo linalompata mtu wa meza nyingine.

Mwanangu aliingia mbio. Akamwaga mkoba wa binti mezani, akachukua kitu kama kalamu nene, akamdunga nacho pajani kupitia nguo. Mimi sikujua ni dawa. Nilijua anamchoma. Nikampiga mwanangu mgongoni kwa mkoba wangu, kwa nguvu zangu zote, napiga kelele, "Unamuua! Unamuua mtoto wa watu!" Na lile kopo lilikuwa humo humo mkobani. Nilimpiga nalo.

Mpishi akatoka na mwiko mkononi. Mwanangu akamkamata shingoni. "Uliapa! Ulimwapia, umemtilia nini?" Mpishi akasema, "Sijatia, kaka. Naapa tena, sijatia." Mwanangu alijaribu kumnyanyua binti, akashindwa. Aliyembeba mpaka kwenye teksi ni mpishi. Alimbeba kama mtoto aliyelala, anakimbia, kiatu kimoja kimemvuka, anamwambia, "Vuta, dada. Vuta hewa, vuta."

Hospitali tulifika kabla ya saa nane. Askari wawili walikuja kuongea na mwanangu mlangoni. Mimi nilikuwa benchi la mbali, nimeshika viatu vya binti. Daktari alipotoka nilisogea karibu, naye akasema, "Ni karanga. Huyu karanga zinaweza kumuua, hamkujua?" Mwanangu akajibu, "Tunajua. Ndiyo maana tunauliza kila jiko kabla hatujaketi. Mpishi aliahidi, na sasa ameshakamatwa."

Nikaketi sakafuni, nikafungua mkoba.

Nikatoa kopo, nikampa mwanangu. Alilipokea, akalifungua, akanusa. "Mama," akasema. Akarudia, "Mama." Basi.

Nilimuuliza kwa nini mimi sikuambiwa. Akasema, "Ulisema mwenyewe juu ya mkwe wa jirani, kwamba wamejiletea mgonjwa ndani. Yeye alikusikia, alikuwa anakunywa chai. Akaniomba tukwambie baada ya harusi, ukishamzoea." Siku hiyo siikumbuki. Nilisema huku napachika vifungo, kama watu wanavyosema. Nilikuwa nafikiri binti anakataa chakula changu, kumbe alikuwa ananiogopa mimi.

Nilipoinuka kuja huku, mwanangu alinizuia. "Usiende kwanza, Mama. Yule watamwachia tu. Wewe watakufungia." Nikamwambia, "Ulishindwa kumnyanyua mkeo, akambeba yule. Sasa akalale chini kwa ajili ya kijiko changu?" Akaachia mkono wangu.

Vibao vya barabarani nasoma polepole, kwa hiyo nilimuuliza njia muuza magazeti. Nilimuuliza mara mbili, maana mara ya kwanza aliongea nikaona midomo yake tu.

Kopo ni hili. Vijiko vilikuwa viwili, vya chai, vilivyojaa. Naomba pia iandikwe kwamba nilitaka anenepe. Najua haisaidii kesi, lakini iandikwe.

Nimesomewa haya yote kwa sauti, nimeyasikia, ni maneno yangu na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa kuandika jina, herufi moja moja)

Maelezo ya afisa: Nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi. Nilimwonya kabla hajaanza kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake, alijibu, "Andika." Nimepokea kopo moja la bati lenye unga wa karanga, kama nusu, kuwa kielelezo. Nimepiga simu hospitali kabla ya kufunga jalada: mgonjwa anapumua mwenyewe na ameomba maji.

Shahidi aliruhusiwa kwenda na kutakiwa kurudi Jumatatu. Hakwenda. Alikaa kwenye benchi la mapokezi mpaka mpishi alipotolewa, akasimama mbele yake. Mpishi hakumuuliza amefuata nini. Aliuliza jambo moja tu: "Yule dada yu hai?"

Shahidi alikuwa analia. Nilimjibu mimi.